Kura ya Kaka

Jumatatu, 3 Juni

Karatasi ya Kaka haijaja. Nimepekua trei mara tatu — ya asubuhi, ya mchana, hata ile ya kazi zilizorudishwa. Hakuna! Kila mwaka mwishoni mwa Mei inakuja, na namba za macho yake. Minne mfululizo. Mwaka wa kwanza namba zilipanda kidogo. Wa pili zikapanda tena. Wa tatu nikadhani daktari kakosea, nikapiga simu kuulizia. Hakukosea. Mwaka jana lenzi zilitoka nene kama kitako cha chupa, nikakaa nazo siku nzima nikizipunguza kingo zisimlemee puani.

Hajui kwamba ni mimi. Mteja anamwona dada wa mapokezi tu. Huku nyuma, kwenye vumbi na maji ya mashine, nani anauliza kasaga nani? Mwaka wa tano huu hatusemezani, na macho yake yote ninayo kwenye daftari langu la kazi. Kulia, kushoto, tarehe.

Sasa ama amehamia duka jingine, ama lenzi hazimfai tena kitu.

Naomba iwe amehamia duka jingine.

Jioni gari la kampeni la Kofia limepita mtaani mara mbili. Nimefunga dirisha. Nimekula nimesimama, sikuona sababu ya kuvuta kiti.


Jumatano, 5 Juni

Siku kumi zimebaki kabla ya kura. Watu wamepagawa. Leo bwana mmoja karudisha fremu aliyoilipia mwenyewe, eti ni ya mviringo, inafanana na ya Miwani. Dada wa mapokezi kamwambia, baba, hata babu yako angevaa mviringo. Wapi! Anataka ya pembe nne. Nimetoa lenzi nzima kabisa na kuzitupa, maana ya mviringo haiwi ya pembe nne hata ukiiombea dua. Yule bwana bila miwani haoni mlango ulipo, lakini chama anakiona.

Ndivyo tunavyowaita hapa karakanani: Kofia ni rais aliyepo, hajawahi kuonekana kichwa wazi tangu aingie. Miwani ndiye anayetaka kumtoa. Mimi ni wa Miwani. Kaka zamani akinitania: unampenda kwa sababu anakuletea biashara. Yeye ni wa Kofia, na si wa kushangilia tu — mwenyekiti wa tawi, miaka kumi na mbili.

Tuligombana siku ya matokeo, uchaguzi uliopita. Nyumba ya Mama, Mama akiwa ameshatutoka. Kaka alialika tawi zima kuangalia televisheni. Picha ya Mama ilikuwa imeshushwa, imetundikwa ya Kofia, kubwa, ya kioo. Nilipandwa na hasira. Nikaishusha, nikaificha chini ya mto wa kochi, uso chini. Nilikusudia kumwambia baadaye, tukiwa wawili. Kaka akaingia na sinia la vinywaji, akawagawia wageni, akakaa. Pa! Kioo.

Alimkalia rais wake mwenyewe.

Mimi nilicheka. Wageni wakanifuata. Ningejua kicheko kile kitanigharimu nini, ningejiziba mdomo kwa mto uleule. Akaniambia niombe radhi. Nikamwuliza, kwako au kwa picha? Akasema, kwa picha. Nikachukua mkoba wangu.

Hadi leo.


Ijumaa, 7 Juni

Binti yake kaja karakanani! Nilikuwa na miwani ya kujikinga usoni, mikono yote vumbi jeupe, sikumjua. Nilimwacha msichana wa sare ya shule, sasa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na fulana ya Miwani chini ya koti. Nyumba ya mwenyekiti! Kasema, “Shikamoo shangazi.” Nimeitikia marahaba. Hilo neno shangazi sijaitwa siku nyingi.

Kaka haoni. Tangu Februari. Daktari alisema basi, hakuna cha kukata wala kuvaa.

Nilijua. Namba zilinieleza zamani. Lakini kujua kwa namba ni kitu kingine.

Ujumbe wenyewe: baba anamtaka shangazi. Siku ya kura asiyeona anaruhusiwa kuingia na mtu mmoja anayemwamini, wa kumwekea alama. Wifi yuko kwa mwanawe wa kwanza, analea mjukuu, kajiandikisha hukohuko. Binti anaishi naye, alidhani ataingia yeye. Kaka kakataa. Kasema, mwite shangazi yako.

“Lakini mimi na yeye tunatofautiana,” nimemwambia binti. Kacheka. Kaniinamia sikioni, kana kwamba mashine zinasikiliza: “Ndiyo maana nimefurahi, shangazi. Wewe ndiye utakayeshika kalamu. Unajua la kufanya.”

Kaenda zake. Nimesaga jozi mbili, zote nimezikosea.


Jumamosi, 8 Juni

Nimewaza mchana kutwa. Kwa nini mimi? Nyumba imejaa watu wa tawi, kila mmoja angejitolea kumshika mkono. Kaniita mimi, wa upande wa pili. Hapo pana jibu moja tu: amebadilika. Amechoka na Kofia, na hawezi kuwaambia wenzake. Anataka mtu wa kumtunzia siri!

Nimecheka peke yangu jikoni. Nimetoa vikombe viwili badala ya kimoja, kwa mazoea ya zamani sana, kisha nikakirudisha kimoja.


Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda.

Nyumba ya Mama ni ileile, ila giza. Balbu ya sebuleni imeungua na hakuna aliyebadilisha. Yeye hahitaji, binti anatoka asubuhi. Kaka alikuwa kwenye kochi lilelile. Amekonda. Kaninyooshea mkono mahali nisipokuwa, nikahama haraka nikae pale mkono ulipo.

Hatukuanza na yale. Tulianza na mvua, magoti, bei ya gesi. Halafu kaniambia nifungue droo ya meza. Miwani yangu! Jozi zote nne, zimefutwa, zimepangwa kwa miaka. Nikamwuliza alijuaje. Kasema mafundi wengine wote wanaacha kingo zikiwa kali upande wa pua, na ni mimi tu niliyemsikia akilalamika juu ya jambo hilo tangu tuko wadogo. “Nilipita maduka matatu kufika kwenu,” kasema. “Kila mwaka.”

Niliinuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Sikuwa na kiu.

Niliporudi nimemwuliza lililonileta. Humo ndani, nikuwekee nani?

“Unauliza?” kasema. “Kofia.”

Basi. Hajabadilika hata unywele. Nimejiona mjinga wa kutupwa. Nimemwambia kwa ukali, sasa mimi wa nini, kaa na binti yako. Hapo kashusha sauti. Usiku mmoja alimsikia binti akiongea na rafikiye kwenye simu, anacheka: nitamwekea Miwani, atajuaje? Hajamwambia mtoto kwamba alisikia. Anaona aibu kwa niaba yake. Watu wa tawi nao, kasema, tangu aache kuona wanamletea karatasi za kusaini bila kumsomea.

“Wewe ulinitukania rais wangu mbele ya kadamnasi,” kasema. “Anayenipinga usoni hawezi kuniibia mgongoni.”

Sikumwambia kwamba picha ile ndiyo niliyoificha mgongoni kwake. Imetundikwa bado, ufa umepita katikati ya kofia. Nadhani hajui kwamba haijawekwa kioo kipya. Nilikuwa na neno la kuomba radhi, lilikuwa hapa, kooni. Tukaongea habari za balbu.


Jumatatu, 10 Juni

Nimenunua balbu. Nimempa dada wa mapokezi ampelekee binti, anapita njia ile. Ningeweza kwenda mwenyewe.


Alhamisi, 13 Juni

Binti kapiga simu mara mbili. Mara ya pili nimepokea. Kasema kata yetu zamani iliamuliwa kwa kura tisa, shangazi, tisa! Kasema baba hataumia na asilolijua. Kasema nchi ni ya vijana, baba ameshakula miaka yake. Nimemwambia hivyo si vya kumsemea mzazi. Kasema kwa upole: sisi tunakutegemea.

Sisi. Nimekaa na neno hilo jioni nzima. Ni lini mara ya mwisho nimekuwa ndani ya sisi ya mtu?

Na anayosema si uongo. Naamini kabisa kwamba Kofia ametuharibia. Dawa za macho hazipo hospitali. Kaka mwenyewe pengine angeona leo kama angeanza matone mapema. Hilo ndilo linaloniuma: anampigia kura mtu aliyemwacha gizani, na ananitaka mimi niishike kalamu.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akinichapa vidole nikikisia. Karatasi imeandika mbili na nusu, saga mbili na nusu. Unaona imekosewa, mpigie daktari. Daktari akisema ndiyo hiyo, saga. Si macho yako.

Sasa nani wa kumpigia simu?


Ijumaa, 14 Juni

Nguo nimeshapiga pasi. Kadi ya kura ipo mkobani. Sijahamisha jina langu tangu enzi za Mama, kwa hiyo kituo ni kimoja, shule tuliyosoma. Gauni la bluu. Si la chama chochote, nimehakikisha.


Jumamosi, 15 Juni. Shuleni, nje, saa nne na kitu asubuhi.

Naandika hapa hapa, kwenye benchi. Nisipoandika nitapiga kelele.

Niandike kwa mpangilio.

Tulifika saa tatu na nusu, binti kaendesha. Kaka kavaa suti. Kanishika kiwiko, hivi, vidole vinne kwa ndani, kama alivyokuwa akinivusha barabara tukija shule hii hii. Njiani kutoka getini kanitania: mimi na wewe tungebaki nyumbani, matokeo yangekuwa yale yale. Nikamwambia, basi tubaki. Kasema, “Hapana. Twende.” Nimecheka. Na yeye kacheka! Watu wakageuka kutuangalia, vikongwe wawili.

Wazee na wasioona hawapangi foleni. Binti kabaki nje. Ndani, karani msichana mdogo kaniuliza uhusiano. “Dada yake.” Kaniapisha. Nitaweka alama pale anapotaka yeye, na sitamwambia mtu yeyote alichochagua. Nikaapa, mkono juu. Ni darasa tuliloanzia la kwanza, ubao umebadilishwa.

Kwenye kile kibanda cha karatasi ngumu hatukuenea. Bega lake kwangu. Kanong’ona, “Kofia.” Nikasema, “Sawa.” Picha ziko mbili juu, nyingine chini za wale wasiojulikana. Kofia kushoto. Miwani kulia.

Kalamu ilikwenda kulia. Naandika kweli, humu sina wa kumdanganya. Ilikwenda kulia, ikakaa juu ya kiboksi, na kwa muda gani sitaandika. Ningeweka, nani angejua? Yeye alikuwa anapumua polepole, hana wasiwasi hata chembe. Kainua kichwa kidogo kama mtu anayenyolewa ndevu na kinyozi wake wa siku zote.

Nikahamisha mkono. Nikamwekea Kofia. Vema moja, safi, ndani ya kiboksi. Mkono wangu huu! Nikaikunja karatasi, nikampa, katumbukiza mwenyewe, kapapasa mdomo wa sanduku na kusikiliza ikidondoka.

Kisha nikachukua yangu, nikaweka Miwani. Tumefutana. Tumetoka tumeshikana.

(Karani hakusema chochote juu ya daftari. Daftari si mtu.)

Nje, njiani kuja benchi hili, Kaka kaniuliza, “Umeweka?” Nikasema, “Nimeweka uliposema.” Kasema, “Najua.” Ndivyo alivyosema: najua. Nilitaka dunia isimame hapo hapo.

Binti akatokea mbio. Kaniangalia usoni, kaniona macho yamelowa, akajitafsiria atakavyo. Kanikumbatia. Kwa nguvu, mikono yote miwili, shavu lake hapa. “Asante, shangazi,” kasema. “Asante! Nilijua hutatuangusha.”

Kwa kunong’ona. Lakini Kaka siku hizi anasikia hata sindano ikianguka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Binti, umekosea. Neno moja! Nilinyamaza. Nimekuwa nikijiambia tangu hapo kwamba ni kiapo: kumkatalia ni kumwambia alichochagua baba yake. Ni kweli, ni kiapo. Lakini si kiapo. Ni kwamba nilikuwa nimekumbatiwa. Sikumbuki mara ya mwisho nilikumbatiwa lini, na kama ningesema lile neno, mikono ile ingelegea. Nilitaka ikae kidogo. Ikakaa kidogo. Kidogo hicho ndicho alichokisikia Kaka.

Vidole vinne vikatoka kwenye kiwiko changu. Kimoja kimoja.

Binti hakuona kitu. Kaenda kupanga foleni yake, kasema tumsubiri hapa, watu ni wengi, labda saa nzima. Kaka kapapasa benchi mwenyewe, kakaa mwisho kabisa. Nami nimekaa mwisho huu. Katikati anaweza kukaa mtu mnene.

Kasema neno moja tu. “Kumbe.”

Nikamwambia, “Kaka, nilikuwekea Kofia. Haki ya Mungu.” Nikarudia. Kasema, bila ukali — afadhali angekuwa mkali — “Na yeye anakushukuru kwa lipi?” Nikaeleza. Kiapo, mtoto, nilishtukizwa. Nilivyokuwa nikieleza nilijisikia mwenyewe, nilikuwa nasikika kama mwongo. Ukweli ule ule, na umetoka umepinda.

Na hakuna wa kumshuhudia mtu hapa! Karatasi imo sandukuni na wenzake elfu. Karani hakuona. Hata wakilifungua sanduku mbele yake, vema yangu haina jina, na yeye hawezi kuiona. Tangu nianze kazi hii kila ninachosaga kinapimwa mara mbili na mtu mwingine. Hiki hakipimiki.

Ndipo nikatoa daftari nikaanza kuandika. Ni robo saa sasa. Mstari wa foleni umesogea hadi kwenye mti wa kengele. Binti ananipungia mkono kutoka kule. Sijampungia. Nimempungia.

Kaka kageuza sikio.

“Unaandika nini?”

Nimemwambia, shajara.

“Tangu lini?”

Tangu siku ile ya kioo, nimesema. Ni daftari la tano hili. Kisha kauliza kama ya leo imo. Nimesema ndiyo, ndiyo hii. Kama ya kule ndani kibandani imo. Ndiyo.

“Nisomee.”

Yumo humu mzima mzima. Namba za macho yake, nilivyomwita mwenyekiti kwa dhihaka, mtoto wake kwenye simu. Kalamu ilivyokwenda kulia imo. Nikiiruka, sentensi zitashikana vibaya na atasikia. Nikiisoma, ataniamini vipi iliyofuata? Na nikisoma yote, neno kwa neno, atajuaje kwamba nasoma kilichoandikwa?

Ameweka mikono magotini. Uso ameuelekeza upande wangu, karibu sawasawa, amekosea kidogo tu.

“Anzia mwanzo,” kasema. “Sina haraka.”

Nimesogea katikati ya benchi. Nimerudi Jumatatu ya tarehe tatu. Karatasi ya Kaka haijaja, ndivyo inavyoanza. Nimekohoa. Anangoja.